Bei ya nikeli ilipanda ikashuka, Ntaka ikiwa kesini

Mjomba wangu analima korosho na ufuta katika kijiji kimoja cha Nachingwea, upande wa kuelekea kilima cha Ntaka, chenye nikeli ambayo bado imo ardhini. Kila nikienda kumjulia hali, salamu zikiisha na sahani ya ming'oko ikishatua mkekani, swali lake ni lile lile: "Mpwa wangu, ile nikeli yetu sasa hivi kilo shilingi ngapi?"

Anauliza kama anavyouliza korosho, na ana haki ya kuuliza. Mwaka 2025 nilimjibu kwamba London tani moja inazunguka kwenye dola 15,000, yaani dola 15 kwa kilo, kama shilingi 40,000 hivi. Akanyamaza, akipiga hesabu. Minada ya kwanza ya msimu wa 2024/2025 korosho ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo na kusini nzima tulishangilia. Nikeli ni mara kumi ya hapo. "Kumbe tumekalia utajiri," akasema.

Ilibidi nimweleze kwamba ile dola 15 ni ya nikeli safi, iliyokwisha kusagwa, kuyeyushwa na kusafishwa. Katika mwamba wa aina ya Ntaka nikeli yenyewe ni kidogo, kwa wastani haifiki hata asilimia moja. Ukitaka kilo moja unasaga mwamba wa zaidi ya kilo mia. Kinachotoka mgodini ni makinikia, na mnunuzi wa makinikia hakulipi bei kamili ya London, anakata gharama zake za kuyeyusha na kusafisha. Mjomba akaelewa haraka kuliko nilivyotegemea, maana mkulima wa korosho anajua tofauti ya korosho ghafi gunia zima na kilo ya korosho iliyobanguliwa dukani.

Bei ya nikeli hatuipangi sisi watu wa Lindi na Mtwara, na hatutaipanga. Lakini muda wa kuingia sokoni, na namna tunavyoisoma bei kabla ya kutoa leseni au kuifuta, hivyo viko mikononi mwetu. Katika suala la Ntaka tulivipoteza vyote viwili, na tumelipa fedha nyingi kwa madini ambayo bado yamo ardhini. Hilo linaniuma, na nadhani linastahili kusemwa kwa lugha ambayo mjomba anaielewa.

Nikeli inatumika wapi, hata dunia iililie? Watu wakiisikia siku hizi hufikiria betri za magari ya umeme. Betri zina sehemu yake, lakini karibu theluthi mbili ya nikeli ya dunia inakwenda kwenye stenlesi: masufuria, masinki, vifaa vya hospitali, matangi ya maziwa, mabomba ya viwandani. Kijiko kilichogongwa 18/8 kina kromiamu asilimia 18 na nikeli asilimia 8. Sehemu nyingine inaingia kwenye metali ngumu za injini za ndege. Na kuna matumizi moja yanayotugusa sisi wa Lindi: tangi la kuhifadhia gesi asilia iliyogeuzwa kuwa kimiminika, kama yale yaliyopangwa kujengwa Likong'o, ukuta wake wa ndani kwa kawaida ni wa chuma chenye nikeli asilimia 9. Gesi hiyo inakaa kwenye nyuzi 162 chini ya sifuri, na kwa baridi hiyo chuma cha kawaida kinavunjika kama kigae.

Mimi mwenyewe nilifundishwa bei ya nikeli na ngazi ya nyumba yangu. Naishi Mtwara mjini, karibu na bahari. Miaka michache iliyopita niliweka mikono ya ngazi ya stenlesi, nikanunua mabomba kwa bei niliyoona ni nzuri, na muuzaji alinihakikishia ni mzigo wa kwanza. Niliyapima kwa sumaku kama nilivyoshauriwa, sumaku haikunata, nikaridhika. Msimu mmoja wa kusi haukuisha, mabomba yakaanza madoa ya rangi ya chai, kwanza kwenye maungio, kisha kila mahali upepo wa bahari unapopiga. Nikamwita fundi mwingine wa kuchomelea. Alikuja na kichupa kidogo cha dawa na betri ya mraba, ile ndogo ya redio. Akadondosha tone kwenye bomba, akagusisha betri, tone likageuka jekundu.

"Kaka, umeuziwa 201," akasema. "Hapa ufukweni ilitakiwa 316, au basi angalau 304."

Tofauti ya namba hizo ni nikeli, zaidi ya kitu kingine chochote. Ile 304 ina nikeli kuanzia asilimia 8. Ile 201 ina asilimia 4 au 5 hivi, na pengo limezibwa kwa manganizi, ambayo ni rahisi. Zote mbili sumaku hainati, kwa hiyo kipimo cha mtaani hakikusaidii. Hapa ufukweni 316, yenye nikeli zaidi na molibdenamu kidogo, ndiyo inayovumilia chumvi. Familia ya 201 ilibuniwa Marekani katikati ya karne iliyopita, nikeli ilipoadimika kwa sababu ya mahitaji ya vita. Kila bei ya nikeli inapopanda, viwanda vinageukia huko. Mtu wa Mtwara analipia kupanda kwa bei hiyo kwa ngazi yenye kutu, bila kuambiwa.

Nimelieleza jambo hilo kwa kirefu kwa sababu tabia nzima ya soko la nikeli imo mle ndani ya lile bomba. Nikeli ikipanda sana, wateja wanatafuta njia ya kuikwepa, au mtu mahali fulani anagundua namna ya kuitoa kwa bei nafuu. Angalia mwaka 2007. Mei mwaka ule tani ilivuka dola 51,000, kiwango ambacho hakikuwahi kuonekana. Wachina wenye viwanda vya stenlesi, wakiwa wamebanwa, wakaanza kuyeyusha udongo mwekundu wa nikeli hafifu kutoka Indonesia na Ufilipino, udongo ambao wengi hawakuuthamini, wakapata chuma ghafi chenye nikeli ndani yake. Hakikuwa safi, lakini kwa stenlesi kilitosha. Mwishoni mwa 2008, msukosuko wa fedha duniani ulipofika, bei ilikuwa chini ya dola 10,000. Mapema 2016 ilishuka chini ya dola 8,000. Teknolojia iliyozaliwa na bei kubwa ilibaki sokoni hata bei yenyewe ilipokwisha kuondoka.

Sasa tuingie London, maana ndiko bei inakosomwa. Msomaji wa Masasi au Tandahimba asitishwe na jina la Soko la Metali la London, kwa sababu lile ni stakabadhi ghalani kwa asili yake. Metali haipelekwi London. Inalala kwenye maghala yaliyosajiliwa, Rotterdam, Singapore na kwingineko, mwenye mzigo anapewa hati, na hati ndiyo inayozunguka mikononi mwa watu. Mkataba mmoja ni tani 6, na usafi ni asilimia 99.8. Wana hata aibu zinazofanana na zetu. Machi 2023 kwenye ghala moja la Rotterdam magunia yaliyoandikwa nikeli yalikutwa na mawe. Hati 9, tani 54, zikafutwa. Sisi ambao korosho zetu ziliwahi kukutwa na kokoto zilipofika Vietnam, hadi serikali ikaagiza uchunguzi, hatuna haja ya kutafsiriwa hilo.

Kilichotokea Machi 2022 nacho kinaelezeka kwa lugha ya kwetu. Mkulima aliyebanwa na ada ya mtoto huuza korosho zikiwa bado maua, anachukua fedha ya kangomba na kuahidi magunia kumi. Msimu ukiharibika, yale magunia kumi bado anadaiwa, na ikibidi atayanunua kwa jirani kwa bei ya siku hiyo. Bwana Xiang Guangda, mwenye kampuni ya Tsingshan ya China, mzalishaji mkubwa kuliko wote wa nikeli ya stenlesi, alikuwa ameahidi sokoni zaidi ya tani 150,000 kwa imani kwamba bei itashuka. Alikuwa na nikeli nyingi, ila si ya ule usafi unaokubalika kwenye maghala ya London. Februari 24 Urusi ikaivamia Ukraine. Urusi ni mzalishaji mkubwa wa nikeli safi, soko likaingiwa hofu, bei ikapaa, na waliomdhamini wakaanza kudai fedha za dhamana. Alipojaribu kujikwamua kwa kununua, bei ikazidi kupanda. Asubuhi ya Machi 8 tani ilivuka dola 100,000. Siku chache tu nyuma ilikuwa haijafika 30,000.

Soko likafungwa, na biashara zote za siku ile zikafutwa, kama vile hazikufanyika. Lilifunguliwa tena Machi 16. Walionunua na kuuza kihalali siku ile wakaenda mahakamani London, wakashindwa mwaka 2023. Mwezi Machi 2025 mamlaka ya udhibiti wa masoko ya fedha ya Uingereza iliitoza faini soko hilo, pauni milioni 9.2, kwa udhaifu ulioonekana siku zile. Hili nimelitaja kwa sababu moja. Tunapoambiwa "bei ya soko la dunia" tunainama kama tumetajiwa mvua, kitu kinachotoka kwa Mungu. Bei ile ina watu nyuma yake, na watu hao hukosea, huogopa, na wakati mwingine hufuta matokeo wasiyoyapenda. Wakulima wa Newala na Tandahimba waliokataa bei ya mnada Oktoba 2018, hadi serikali ikaamua kununua korosho zote kwa shilingi 3,300, walikuwa wanajua jambo ambalo wasomi wengi hawalijui.

Halafu ikaja Indonesia kwa nguvu zote. Nchi ile ilizuia kuuza nje udongo ghafi wa nikeli Januari 2014, ikalegeza 2017, ikakaza tena Januari 2020. Umoja wa Ulaya ukaishtaki kwenye Shirika la Biashara Duniani na jopo likaupa Umoja huo ushindi Novemba 2022. Indonesia ikakata rufaa na kuendelea. Wachina wakajenga viyeyushio Morowali kwenye kisiwa cha Sulawesi na Weda Bay kwenye kisiwa cha Halmahera, wakavilisha umeme wa makaa ya mawe, na wakatafuta njia za kuupandisha ule udongo hafifu hadi ufae kwa betri. Mwaka 2024 zaidi ya nusu ya nikeli yote iliyochimbwa duniani ilitoka nchi hiyo moja.

Hapo ndipo hoja iliyokuwa ikitumika kuipigia debe miamba kama ya Ntaka ilipovunjika. Tuliambiwa dunia ina nikeli ya aina mbili, ile ya udongo mwekundu kwa stenlesi, na ile ya mwamba wa salfaidi, yaani iliyofungamana na salfa, kama ya Ntaka na ya Kabanga huko Ngara, kwa betri, na kwamba hizi mbili haziingiliani. Ziliingiliana. Australia, yenye salfaidi nzuri, barabara, umeme na mafundi, haikuvumilia. Kampuni ya BHP ilisimamisha shughuli zake zote za nikeli kule magharibi mwa Australia Oktoba 2024. Huko New Caledonia kiyeyushio cha Koniambo kilizimwa mwaka huo huo. Na upande wa wateja mambo yalibadilika vile vile. Betri zinazotumia chuma na fosfati, zisizo na nikeli hata chembe, kufikia 2024 zilikuwa zimechukua karibu nusu ya soko la betri za magari ya umeme duniani. Ni yale yale ya bomba langu la 201.

Kwa hiyo tuiweke Ntaka kwenye kalenda hii, tarehe kwa tarehe.

Aprili 2015 mradi wa Ntaka unapewa leseni hodhi. Leseni ya namna hiyo alipewa mtu aliyekwisha kuthibitisha kwamba madini yapo, lakini soko haliruhusu kuchimba. Soko kweli halikuruhusu, miezi kumi baadaye bei ilikuwa chini ya dola 8,000. Julai 2017 sheria ya madini inabadilishwa na leseni hodhi zinaondolewa. Januari 2018 kanuni zinatoka, leseni zilizokuwepo zinafutwa, Ntaka ikiwemo. Desemba 2019 serikali inatangaza zabuni kwa maeneo hayo. Mwaka 2020 wawekezaji, wakiongozwa na Indiana Resources ya Australia, wanafungua kesi katika kituo cha usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji cha Benki ya Dunia, Washington. Januari 2022 bei iko juu ya dola 20,000. Machi 2022 inapaa kama nilivyoeleza. Ntaka iko kesini. Julai 2023 hukumu inatoka: Tanzania ilipe kama dola milioni 109. Julai 2024 pande mbili zinakubaliana dola milioni 90, kwa awamu tatu. Na ifikapo Julai 2024 sherehe ya bei imekwisha, tani iko kwenye dola 16,000 na inashuka.

Dola milioni 90 kwa kubadilisha kwa wakati ule ni zaidi ya shilingi bilioni 230. Gati jipya la bandari ya Mtwara, lenye urefu wa mita 300, lile ambalo sasa linapakia korosho na makaa ya mawe ya Ruvuma, lilijengwa kwa takribani bilioni 157. Nasoma namba hizi mbili pamoja na nashindwa kutulia. Ntaka haikuwa peke yake: kwa leseni za aina hiyo hiyo tulikubali kuilipa kampuni ya Winshear dola milioni 30 mwaka 2023 na kampuni ya Montero dola milioni 27 mwaka 2024.

Sisemi sheria ya 2017 haikuwa na sababu. Ilikuwa nazo. Kampuni zilikuwa zikikalia maeneo miaka na miaka, zikiuza hisa Toronto na Sydney kwa jina la vilima vyetu, huku kijiji hakina hata kisima. Kabanga kule Ngara inajulikana tangu miaka ya 1970 na mpaka 2025 mgodi ulikuwa bado haujafunguliwa. Kuchoka ilikuwa haki. Lakini kuna tofauti ya kumwambia mpangaji "mkataba wako ukiisha sitauongeza" na kumtolea vyombo nje mkataba ungali hai. Kosa letu lilikuwa kufuta hata leseni zilizokuwa bado na muda wake, bila kuwa na mpango wa fidia, wakati sisi wenyewe ndio tuliotia saini mkataba wa kulindiana mitaji na Uingereza uliotumika kutushtaki. Serikali ingeweza kuweka ukomo, kupandisha ada ya kukalia eneo mwaka hadi mwaka, kudai kazi ionekane. Yote hayo ni ya polepole na hayapigiwi makofi, na yangegharimu kidogo sana.

Wapo watakaosema: Indonesia ilikaza, ikafanikiwa, kwa nini sisi tulaumiwe kwa kukaza? Nimelitafakari sana swali hili. Indonesia ilikaza ikiwa na akiba kubwa kuliko nchi yoyote, umeme wa makaa uliokuwa tayari kuwashwa, na mnunuzi mkubwa kuliko wote aliyekuwa hana pa kwenda. Akifungiwa mlango, angehamia ndani. Sisi na Ntaka na Kabanga mnunuzi akifungiwa anakwenda zake, ana kwingine. Tuna kiwanda cha kusafishia metali kilichopangwa Kahama, na nakitakia heri. Lakini kutoka Nachingwea hadi Kahama ni kuivuka nchi, wakati bandari yenye kina iko kilomita 250 hivi kutoka kilimani. Kama sheria itadai makinikia ya Ntaka yapelekwe Kahama, gharama hiyo ya malori lazima iwekwe mezani na kusomwa kwa sauti, kwa sababu itakatwa kwenye kila tani, na ikikatwa hapo imekatwa kwenye mrabaha na ushuru wa halmashauri.

Hebu tuzipige hizo hesabu za halmashauri, maana zinanikera kuliko zote. Mrabaha wa serikali kwa metali kama hizi ni asilimia 6. Ushuru wa huduma unaokwenda halmashauri kwa miaka mingi ulikuwa asilimia 0.3 ya mauzo, na ndicho kiwango ninachotumia hapa. Chukulia mgodi unauza nikeli yenye thamani ya tani 10,000 za London kwa mwaka, namba ambayo nimeichagua kwa urahisi wa hesabu tu. Kwa bei ya dola 25,000 halmashauri inapata dola 750,000. Kwa bei ya dola 8,000 inapata 240,000. Mgodi ule ule, vumbi lile lile, malori yale yale yanayopita barabara ya Masasi. Diwani atakayepitisha bajeti ya zahanati na madarasa kwa kuangalia bei ya mwaka mzuri atakuja kusimamisha majengo kwenye renta. Na hiyo ni kabla ya kukata punguzo la mnunuzi wa makinikia.

Tumewahi kupita njia hii. Wazee wa Nachingwea wanakumbuka, au walisimuliwa na wazazi wao, mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 na kuachwa 1951 baada ya kuteketeza mamilioni ya pauni. Reli iliyojengwa kwa ajili yake kutoka Mtwara iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Na mwaka 2013 Mtwara ilichafuka kwa ajili ya gesi, kisha likaja wimbi la nyumba za wageni na viwanja vya bei mbaya, watu wakakopa wakajenga wakisubiri wageni wa mafuta. Bei ya mafuta duniani ikaanguka 2014. Naweza kukuonyesha majengo ya ghorofa mbili, umbali wa kutembea kutoka kwangu, ambayo hayajapata mpangaji wa kudumu tangu wakati ule.

Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba mradi wowote wa nikeli kusini upimwe kwa bei ya chini ya nikeli, kama ile ya mwaka 2016, na mwekezaji aulizwe swali moja hadharani kabla ya mengine yote: bei ikifika kiasi gani unafunga? Kila mgodi una namba hiyo. Ya BHP ilijulikana siku walipozima mitambo. Ile hisa ya asilimia 16 ambayo serikali hupewa bila kuilipia haina maana mgodi ukiwa umefungwa. Namba ya kufunga ikiwa dola 17,000, basi tusitoe ardhi ya watu, tusubiri. Ikiwa dola 10,000, tuzungumze. Iandikwe kwenye mbao za matangazo za kijiji kama bei ya mnada wa korosho inavyoandikwa, na bei ya London iandikwe kando yake kila mwezi. Kazi hiyo haihitaji hata mtaalamu, inahitaji chaki.

Ruangwa, jirani zetu wenye kinywe, yaani grafiti, wao wana nafuu moja na hatari moja. Betri zenye nikeli na zisizo na nikeli zote zinahitaji kinywe, kwa hiyo hawakwepeki kirahisi kama sisi. Lakini kinywe kingi cha dunia kiko mikononi mwa China, ambayo tangu Desemba 2023 inadai kibali kwa kinachotoka nje, na inaweza kufungua au kubana bomba itakavyo. Hilo linahitaji makala yake.

Nilipomweleza mjomba haya yote, ya London na Sulawesi na Washington, alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza kitu ambacho sikuwa nimekifikiria. Shamba lake lina ekari tatu aliziacha wazi tangu aliposikia kwamba eneo lao limo ndani ya leseni. Waliambiwa, sijui na nani, kwamba mgodi unakuja na kila mmoja atahesabiwa mali zake. Yeye akaona kupanda mikorosho mipya ni kupoteza nguvu. Mkorosho unachukua miaka mitatu kuanza kuzaa na mingi zaidi kukolea. Kwa hesabu yake, lau angepanda mwaka ule walipofuta leseni, ile miti ingekuwa imekwisha kumpa misimu kadhaa, ikiwemo ule wa shilingi 4,000.

"Sasa wakija wengine," akauliza, "mikorosho niliyonayo wataihesabu kwa bei ya msimu upi? Na ile ambayo sikupanda kwa ajili yao, nani ataihesabu?"

Swali la kwanza lina majibu kwenye sheria: kuna wathamini, kuna viwango vya mazao, na fidia ikichelewa zaidi ya miezi sita inatakiwa ilipwe na riba. La pili nimeliangalia kila mahali ninapojua kutazama. Wawekezaji walifidiwa fursa waliyopotezewa, na usuluhishi ulifanyika kwa mawakili na kurasa mamia. Kwa mkulima aliyeacha ekari tatu pori akisubiri, sijaona kifungu.

Mvua za Desemba zilipoanza alizilima. Nilimkuta na wajukuu wakichimba mashimo, miche ya korosho ikiwa imepangwa chini ya mwembe kwenye vifuko vyeusi. Alinihesabia: miche themanini na moja.